Mwalimu, yaache madaftari shuleni: mwongozo kamili wa kupunguza uchovu wa kazi unaohamia nyumbani

Mwalimu akilalamika kuchoka, ushauri anaopewa ni ule ule: pumzika, sali, nenda kwenu ukatembee. Anapumzika kweli. Likizo ya Juni anakwenda kijijini, analala, anarudi na mashavu. Wiki ya pili ya muhula haijaisha, yuko pale pale alipokuwa Mei, na safari hii ana na lawama juu: "Nimepumzika mwezi mzima, mbona bado?"

Ameanzia mwisho. Kinachomchosha kilibaki shuleni kikimsubiri: rundo lile lile, zamu ile ile, ujumbe wa saa nne usiku kwenye kundi la WhatsApp la shule. Mwongozo huu unaanza na kupima, unahamia kwenye madaftari, unakwenda kwa mkuu wa shule, ndipo unaingia nyumbani. Fuata mpangilio huo. Wengi niliowaona wakishindwa walirukia kwa mkuu mikono mitupu, wakarudi ofisini na jibu moja: "Sote tumechoka, mwalimu."

Nimeandika nikiwaza shule za serikali za Tanzania Bara. Mwalimu wa Kenya au Zanzibar atafaidika na hatua zote, ila sehemu ya sheria aangalie ya kwake.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Kaunta buku dogo linaloingia kwenye mkoba. Simu usiitumie kwa kazi hii. Ukiifungua tu unakutana na kundi la shule.
- Nakala ya ratiba ya vipindi, na ratiba ya zamu ya muhula mzima.
- Kalenda ya ukutani yenye nafasi ya kuandika. Itakaa jikoni au sebuleni, mahali kila mtu anapopita.
- Mwalimu mwenzako mmoja unayeweza kumwambia ukweli.
- Siku 10 za kazi za kupima na wiki nne za kutekeleza. Usianzie wiki ya mitihani. Takwimu zako zitakuwa za dharura, na mkuu ataziona hivyo.

Hatua ya 1: Pima siku 10

Chora safu nne: saa, kazi, mahali, na nani alinikosa. Kila jioni jaza kazi zote za shule ulizofanya nje ya vipindi vyako: kusahihisha, andalio la somo, kujaza mahudhurio kwenye mfumo, kumpigia mzazi, kujibu kundi la shule, kusimamia usafi, kikao kilichoanza saa nane kikaisha saa kumi na moja.

Safu ya nne ndiyo walimu huiruka, nayo ndiyo yenye uzito. Andika majina. "Saa 2:00 hadi 4:10 usiku, kusahihisha Kidato cha Pili B, sebuleni. Alinikosa: Neema, alitaka nimsikilize akisoma." Siku ya sita utaona jina moja linajirudia, na utajua mgongano wako uko na nani hasa.

Sababu ya kupima ni kwamba mtu aliyechoka hukisia vibaya. Nilipokuwa mwalimu wa taaluma niliapa kwamba vikao ndivyo vinaniua. Daftari lilionyesha vikao saa tatu kwa wiki, na matokeo ya wanafunzi niliyokuwa nikiyahamisha mara mbili, kwenye karatasi halafu kwenye kompyuta, saa saba. Nilikuwa tayari kugombana na mkuu juu ya kitu kisichonila.

Onyo: usimwonyeshe mtu daftari hili kabla siku 10 hazijaisha. Ukilisoma kwa sauti ofisini siku ya tatu, litageuka mzaha.

Umefanikiwa ukiweza kutaja kwa namba kazi mbili zinazokula saa nyingi zaidi. Kazi mbili tu.

Hatua ya 2: Jua unagombana na nini

Watafiti wa Marekani Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell waligawa mgongano wa kazi na familia katika mafungu matatu mwaka 1985, na mgawanyo huo unafaa hadi leo kwa kuwa kila fungu lina dawa yake. Pitia daftari lako, weka alama pembeni ya kila mstari.

*Muda.* Saa moja haiwezi kukaa mahali pawili. Zamu inataka uwe getini alfajiri, mtoto anataka kupelekwa kwa bibi yake alfajiri hiyo hiyo. Dawa yake ni ratiba, kwa hiyo hatua ya 3 na ya 4.

*Uchovu.* Muda upo, mtu hayupo. Umekaa na familia mezani, macho kwenye ugali, masikio bado yanasikia kelele za darasa la watoto 90. Hapa ratiba peke yake haitoshi. Utahitaji hatua ya 5 na ya 6.

*Tabia.* Sauti inayotuliza mkondo mzima ukiipeleka nyumbani inamwumiza mtu. "Nimesema nini? Rudia nilichosema!" Mwanafunzi amezoea. Mume au mke hajasajiliwa darasani kwako.

Kuna mgongano mwingine unaokuja kwa mlango wa nyuma: nyumba inapoingia kazini. Mkopo wa kausha damu unaopigiwa simu ukiwa katikati ya kipindi, kadi ya benki iliyo mikononi mwa mkopeshaji, mtoto mwenye homa uliyemwacha na jirani. Kama mistari yako mingi ni ya namna hii, usijidanganye kwamba mkuu wa shule atakuponya. Anza na deni au mgonjwa, kisha urudi hapa.

Sasa jiulize maswali matatu. Je, naamka nimechoka hata baada ya kulala? Je, nimeanza kuwaita wanafunzi "hawa" na kutojali wakifeli? Je, naona hata nikifundisha vizuri hakuna kinachobadilika? Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoueleza uchovu wa kazi mwaka 2019: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona huna tija. Shirika hilo liliuita jambo linalotokana na kazi, halikuuita ugonjwa.

Onyo, na hili usilipite: kama kuna wiki mbili hupati usingizi, unalia bila sababu, unakunywa ili uweze kwenda shule, au umewahi kuwaza kuwa heri usingekuwepo, funga mwongozo huu. Nenda kituo cha afya na kadi yako ya bima, useme hivyo hivyo ulivyosoma hapa. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Ratiba itasubiri.

Hatua ya 3: Punguza rundo la madaftari

Nitakaa hapa zaidi, maana kwa walimu wengi ndipo saa zilipojificha.

Fanya hesabu. Una mikondo mitatu, kila mmoja wanafunzi 62. Hayo ni madaftari 186. Kila daftari dakika mbili tu: dakika 372, yaani zaidi ya saa sita. Ukitoa mazoezi mawili kwa wiki, ni saa 12 na ushee. Hakuna ofisi ya walimu yenye saa 12 tupu ndani ya wiki, kwa hiyo mfuko wa madaftari unapanda bodaboda na wewe. Sera inataka mwalimu mmoja wa msingi kwa wanafunzi 45; anayefundisha darasa la 110 anaijua tofauti hiyo kwa mgongo wake.

*Gawa kila mkondo katika makundi matatu ya watoto 20 au 21.* Zoezi la kwanza unasahihisha kwa kina kundi la kwanza, zoezi la pili kundi la pili, hivyo hivyo kwa mzunguko. Wengine wanabadilishana madaftari darasani, unasoma majibu, wanawekeana alama kwa penseli. Madaftari 63 badala ya 186 ni dakika 126. Kwa mazoezi mawili umeokoa saa nane za wiki, na kila mtoto bado anasomwa na mwalimu wake kila baada ya mazoezi matatu.

*Usitangaze zamu ya makundi.* Wakijua leo si zamu yao, watanakili.

*Tumia alama fupi.* Acha kuandika "Zingatia matumizi ya herufi kubwa" mara 40. Bandika ukutani orodha ya alama: H ni herufi kubwa, N ni nafsi na kitenzi haviwiani, K ni kizio cha kipimo kimesahaulika. Mtoto anaisoma ukutani na kujisahihisha. Kwa Hisabati zungushia mstari ulipoanza kosa, usimalizie hesabu yake.

*Sahihisha ukiwa umesimama.* Dakika 15 za mwisho wa kipindi, wanafunzi wakiandika, pita na kalamu nyekundu. Utayamaliza 10 hadi 15 bila kuyabeba.

*Mitihani ya ndani msahihishe kwa maswali.* Walimu wanne wa somo moja wasigawane mikondo, wagawane maswali: mmoja swali la 1 hadi la 5, mwingine la 6 hadi la 10, karatasi zinazunguka mezani. Aliyewahi kuitwa kusahihisha mitihani ya taifa anaujua utaratibu huu. Mkono unazoea jibu moja, kasi inapanda, na upendeleo unapungua. Fanyeni ofisini, siku moja, chai iwepo.

Onyo kubwa: kabla ya kuanza, mwone mwalimu wa taaluma akubali, na uandike makubaliano hayo ndani ya azimio la kazi. Mthibiti ubora wa shule akifungua daftari lisilo na kalamu nyekundu wiki mbili atauliza. Kwa yale waliyosahihishana wanafunzi, pita uweke tarehe na sahihi yako. Sekunde tatu kwa daftari zinatosha.

Utajua umefaulu Ijumaa jioni ukitoka getini mikono mitupu, angalau mara tatu katika wiki nne. Mara ya kwanza utajisikia mwizi. Ni kawaida.

Hatua ya 4: Mwone mkuu wa shule ukiwa na ombi moja

Msaada wa kazini ni neno kubwa. Kwa mwalimu linakuja kwa sura ndogo: zamu iliyohamishwa, kipindi cha kwanza kilichosogezwa, kikao kilichoisha saa tisa kama kilivyotangazwa. Mkuu wa shule hawezi kukuongezea mshahara wala kuajiri walimu. Ratiba ipo mkononi mwake. Omba kilicho mkononi mwake.

Chagua muda. Usimwendee siku matokeo yametoka, siku Afisa Elimu Kata yupo, wala mbele ya kikao cha walimu. Ukiliweka ombi kikaoni unamlazimisha kujibu kwa watu 20 kwa mpigo, na atakukatalia ili asifungue mlango kwa wote. Mwone makamu au mtaaluma kwanza. Mara nyingi ndiye anayeishika ratiba.

Nenda na daftari lako, na nenda na suluhisho ambalo mwenzako ameshalikubali. Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mkuu. Naomba dakika kumi kuhusu zamu yangu. Mtoto wangu ana miezi saba, nampeleka kwa bibi yake saa moja kasoro robo. Wiki ya zamu natakiwa getini saa kumi na mbili na nusu. Nimeongea na mwalimu wa Jiografia, amekubali ashike asubuhi, mimi nisimamie usafi na kufunga madarasa jioni, baba yake mtoto anakuwa amesharudi. Naomba tujaribu wiki nne. Shule ikisumbuka, tunarudi kama zamani."

Angalia kisichokuwemo: "nimechoka", "mnanionea", "walimu wa shule jirani wanafanya". Kuna mtu aliyekubali kushika nafasi yako, kuna muda wa majaribio, na kuna mlango wa kurudi. Mkuu anayekataa ombi la namna hii anajua analikataa peke yake.

Kama tatizo ni simu, omba kanuni moja kwa shule nzima: ujumbe wa kazi kwenye kundi mwisho saa 12 jioni, dharura zipigwe simu. Hili linakubalika kirahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mkuu naye ana nyumba.

*Yasiyo ya kuombwa*

Kuna mambo ambayo ni haki yako, usiyapeleke kama fadhila. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba ana siku 3 kwa uchache, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mtoto akiugua, au ukifiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa damu, una siku 4 kwa uchache. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu.

Saa mbili za kunyonyesha ndizo zinazopotea zaidi, kwa sababu mama anaogopa kuonekana mvivu. Mwalimu mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akikamua maziwa chooni kwa miezi minne. Hakuna aliyemkatalia, hakuuliza, na sisi hatukumwambia. Lingeweza kutatuliwa kwa kumtoa vipindi vya mwisho tu.

Ukikataliwa haki, andika barua fupi kupitia kwa mkuu huyo huyo, bakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha umwone mwakilishi wa chama chako cha walimu hapo shuleni. Baadaye Afisa Elimu Kata, na Tume ya Utumishi wa Walimu katika wilaya. Usiruke ngazi, na usipeleke malalamiko kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Sauti husambaa.

Hatua hii imekamilika mabadiliko yakionekana kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. "Nitaliangalia" la mkuu bado si mabadiliko. Rudi baada ya siku saba, kwa adabu ile ile.

Hatua ya 5: Funga mlango wa shule, ufungue wa nyumbani

Tenga dakika 15 kati ya shule na nyumba ambazo si za yeyote. Shuka kituo kimoja kabla utembee, au kaa chini ya mti kabla ya kuingia. Badili nguo za kazi ukifika tu. Inaonekana jambo dogo, lakini ndiyo dawa ya lile fungu la tabia: mwili unahitaji kuambiwa kwamba darasa limekwisha.

Jumapili jioni kaeni dakika 20 na kalenda. Andika zamu zako, vikao, wiki ya kutunga mitihani. Mwenza naye aandike yake. Halafu gawaneni kwa majina: nani anampokea mtoto Jumatano, nani anapika siku ya kikao. Hapa walimu wa kike wananiambia kitu kile kile: mume "anasaidia" akiombwa, na kuomba kwenyewe ni kazi. Kwa hiyo msiandike "kusaidia". Andika jina la mwenye jukumu. Akilisahau, limesahauliwa na yeye. Usikimbilie kuliziba siku hiyo hiyo, hata kama wali utaliwa saa tatu.

Anayeishi peke yake na watoto amwandike bibi, dada wa kazi au jirani, na asiwe anawakumbusha kila siku. Nao wapewe nakala ya ratiba ya zamu mwanzoni mwa muhula.

Kama kazi lazima ije nyumbani, ipe saa moja na meza moja. Kitandani hapana.

Hatua ya 6: Watu watatu

Tafuta wenzako wawili. Mkutane mara moja kwa wiki dakika 30; kama shule yenu inafanya vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), baki nao baada ya hapo. Kila mmoja ataje jambo moja lililomlemea na jambo moja atakaloshikiwa wiki hiyo: kipindi, zamu, andalio la mada ngumu. Majungu juu ya utawala yana utamu wake, ila ukitoka hapo umebeba hasira za watu watatu badala ya zako peke yako. Yawekeeni mpaka.

Hatua ya 7: Pima tena

Baada ya wiki nne rudia ule upimaji, siku tano zinatosha. Linganisha saa za kazi zilizofanyika nyumbani na safu ya nne. Mimi huitazama zaidi safu ya nne: saa zinaweza kupungua kidogo tu, lakini jina la Neema likitoka mara sita likawa mara moja, umefika mbali.

Kama hakuna kilichopungua na kiini ni umbali, kwa mfano wewe uko Tandahimba na mwenza yuko Mwanza, hakuna mbinu ya madaftari itakayokusaidia. Omba uhamisho wa kufuata mwenza. Maombi siku hizi hupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Andaa cheti cha ndoa na uthibitisho wa kituo cha kazi cha mwenza, au tafuta mwalimu wa somo lako wa kubadilishana naye. Atakayekupigia akidai fedha "kulisukuma faili" ni tapeli, hata kama analijua jina la afisa utumishi wako.

Miezi ambayo mpango utavunjika

Mwenye darasa la saba hataweza kuufuata mpango huu Agosti, wala mwenye kidato cha nne Oktoba. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, wa kidato cha nne ni Novemba, na kabla yake kuna moko, kambi na vipindi vya jioni. Usipigane na miezi hiyo. Iambie familia mapema, Julai, wiki zipi hutakuwepo, na nani atashika nini. Chukua kalenda ya jikoni, chora mstari kwenye wiki hizo, kisha andika kwa wino siku ya kwanza baada ya mtihani: "Mama amerudi" au "Baba amerudi." Watoto wataihesabu wenyewe, na siku hiyo usikubali kikao.